Mkono Wako wa Kulia, Bibi

Bibi yangu mpendwa,

Leo nimewafundisha wanafunzi wa fiziotherapia hapa hospitali ya mjini Kigoma, na somo lilikuwa wewe. Najua ungenikaripia kwa kukuanika hadharani hivyo. Nisamehe, ila wamelipenda sana.

Unakumbuka kule kambi ya wakimbizi, kiharusi kilipokupooza mkono wa kulia? Nilikuwa ndio nimeanza kozi fupi ya mazoezi ya viungo pale kambini, ujuaji umenijaa. Nikakushonea mpira wa matambara uwe unauminya. Uliutupa nje, kuku wakatawanyika. "Nimevuka mto Malagarasi na watoto mgongoni, leo nicheze mpira?" Majirani nao wakawa wanakulisha uji kwa kijiko, kwa heshima zote, na mkono ukazidi kulala. Niliogopa, Bibi. Niliogopa hutashika jembe tena, na bila jembe ningekupoteza ukiwa hai.

Kisha jirani yetu Mama Yohana akakuletea maparachichi. "Pokea, mama." Kwa kushoto hukuthubutu, kwetu hilo ni tusi. Basi mkono wa kushoto ukakishika kiwiko cha kulia, ukaunyanyua mkono mgonjwa, ukapokea kwa adabu kama ulivyotufundisha sisi wote. Mwili ulinisisimka! Zoezi nililokubembeleza wiki nzima ulilifanya mwenyewe, bila kuombwa.

Nikawaomba majirani: kila apitaye akupe kitu mkononi. Kiazi, dagaa, hata ukuni mmoja. Ulilalamika kwamba nyumba imegeuka soko la Mwanga, lakini ulipokea. Haba na haba hujaza kibaba. Vidole vikaanza kushika vyenyewe, mkono wa kushoto ukaachia kiwiko, na ulipofika msimu wa maharage wewe ndiwe uliyenifukuza shambani kwa uvivu wangu.

Siku niliyoondoka kwenda chuoni ulinifungia karanga za njiani. Mjukuu hupewa kwa mkono mmoja tu, yakaisha. Lakini uliponinyooshea, nikaona mkono wa kushoto umerudi kwenye kiwiko. Moyo ukanipasuka.

"Bibi, mkono umelegea tena?"

"Nyamaza wewe. Mkono ni mzima." Ukaniangalia kana kwamba mimi ni mgeni aliyekuja kwako kwa mara ya kwanza. "Muganga hapewi kitu kwa mkono mmoja." Muganga, daktari kwa lugha yetu; hukuwahi kuniita hivyo.

Karanga zile nilizitafuna nikilia na kucheka hadi zikaisha. Pumzika, Bibi. Mimi huku nina kazi ninayoipenda, na nimeridhika.

Mjukuu wako, muganga