Miche ya Karibu na Mlango

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijapasuka, maana mimi ni mtafiti wa mimea, napima mbolea mpya kwenye banda la vioo la kituo chetu, na safari hii miche iliyopewa mbolea imenawiri hadi mkuu wangu, mama aliyenifundisha kazi na anayeniita binti yake, anatembea akiimba, na ripoti inasubiri sahihi yangu tu ili mbolea ipelekwe kwa wakulima, lakini kila nikiingia bandani machale yananicheza, moyo unaniambia hii siyo mbolea, na sababu siijui, hesabu nimezirudia ziko sawa, labda tu kwamba miche ya mbolea tuliiweka meza ya mlangoni tangu mwanzo ili wageni waione kwanza, sasa nikamweleza mume wangu, anayefundisha falsafa chuoni, akacheka, "Mke wangu, hisia si ushahidi, utamwambia bosi moyo umekataa?" je, nisaini nisimvunje moyo mama wa watu, au nikatae nionekane mpiga ramli ndani ya maabara?

Mwenye Machale

JIBU

Pole, mwanangu. Sasa nisikilize. Mumeo mpe salamu zangu, kisha muulize amejuaje kwamba kitu hakiwezi kuwepo na kutokuwepo kwa wakati mmoja. Alikipima kwa rula? Aliona tu kwamba haiwezekani, na hapo ndipo hoja zake zote zinapoanzia. Asikucheke.

Lakini na wewe usivimbe kichwa. Machale yangu yaliniapia miaka mingi kwamba shemeji yangu ananidharau, kwa kuwa hanisalimii barabarani. Kumbe haoni mbali! Siku aliponunua miwani alinikumbatia mbele ya watu, nikakosa pa kuficha uso. Machale yanaweza kuona kweli na yanaweza kuona vibaya. Kazi yake ni kukuonyesha pa kutazama, basi.

Na yako yamekuonyesha mlango. Umeutaja mwenyewe halafu ukaupita kama vile si wewe uliyeutaja. Mlangoni kuna hewa, kuna mwanga, na kila anayeingia na maji huanza na meza hiyo. Huna haja ya kukisia ni kipi kati ya hivyo kilichoistawisha miche.

Usisaini bado. Wala usimpelekee mkuu wako habari za moyo. Mwambie, "Mama, naomba tupande upya, nusu ya miche ya mbolea ikae mlangoni, nusu kule nyuma, na isiyo na mbolea vivyo hivyo." Atanuna kidogo, lakini huyo ndiye aliyekufundisha kazi, ataelewa kabla hujamaliza. Mbolea ikifanya kazi pande zote, utasaini kwa raha na wakulima watapata kitu cha kweli. Ikishindwa kule nyuma, mtakuwa mmewaepusha na hasara, na yeye ataendelea kukuita binti yake.

Ila kumwagilia mpe mtu mwingine, asiyeambiwa ipi ina mbolea. Mkono wako umeshachagua upande.