Siku Tuliyompeleka Mama Kuona Taa

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wote wa nyumbani kwako. Ukiuliza hali zetu, tunalala, tunaamka, tunashukuru. Miguu yangu bado inavimba kila jioni, lakini ndiyo kawaida ya mtu anayesimama na pasi tangu asubuhi. Nakuandikia hapa hapa kazini, kwenye chumba cha kufulia shuka za hospitali. Wenzangu wametoka kula, mimi nimebaki na meza ya kupigia pasi. Wanao niliokuzalia hawajambo. Yule mdogo tunayemwita Redio bado hajapata wa kumzima.

Uliniuliza kwenye simu Mama alipoteaje siku tuliyokwenda kuona mapambo ya Krismasi. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu shemeji yako alikuwa amekaa karibu. Leo nakueleza yote.

Wazo lilikuwa la shemeji yako. Alisema tangu akili ya Mama ianze kuyumba na tukamleta kwetu, mwaka wa pili huu, nyumba imekuwa kama chumba cha kumsubiri daktari, hata watoto wananyata. Tukapanga Jumamosi twende wote mjini, tuone taa zikiwashwa jioni, turudi mapema. Mimi nilitaka walale njaa ya taa, nami nilale usingizi wangu, Jumamosi moja tu. Lakini Mama aliposikia habari za taa, alivaa mwenyewe gauni lake la bluu, nyuma mbele, akakaa mlangoni na mkoba mapajani. Nani angemwambia abaki?

Ndani ya basi aliniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia. Akauliza tena. Ilipofika mara ya kumi na nne nikaacha kuhesabu, Redio akapokea zamu, kila mara na jibu jipya: tunakwenda harusini, tunakwenda mwezini. Mama akawa anacheka kila jibu. Mimi nikaegemea dirisha nikajifanya nimelala.

Mjini palifurika. Nguzo za barabara kuu zilikuwa zimeviringishwa utepe mwekundu, na mbele ya duka kubwa la ghorofa walikuwa wamesimamisha mti wa plastiki unaopita paa la nyumba, chini yake wamemwaga pamba, eti theluji. Mwanao mkubwa aliuliza mbona theluji ina nyuzi. Baba yao akampandisha Redio mabegani, akamshika mkubwa mkono, wakajipenyeza mbele. Mimi na Mama tukabaki nyuma, karibu na ukuta, nimemshika mkono. Watu wakaanza kuhesabu kwa pamoja, kumi, tisa, nane, mpaka taa zikawaka na kelele zikapanda. Nilipogeuka, Mama hayupo.

Nilimwambia shemeji yako mkono ulichomoka watu waliposukumana. Masikini, hakuuliza mara mbili. Alikimbia barabara nzima, juu na chini, akiwauliza walinzi na wauza maji, mpaka sauti ikamkauka. Mkubwa alilia. Redio alinyamaza, na unajua hilo halijawahi kutokea. Ilikaribia saa nzima ndipo mlinzi wa lile duka akatuita, kwamba kuna bibi chumba cha nyuma.

Tulimkuta amekaa kwenye kigoda katikati ya maboksi, pamoja na mpambaji wa madirisha ya duka, mwanamke mwenye pini mdomoni, wanakunja tepe. Unavikumbuka vidole vya Mama enzi zake za cherehani? Ndivyo hivyo hivyo. Alikuwa ameshafunga maua ya utepe boksi zima. Mpambaji alitueleza kwamba Mama hakuingia akisema amepotea. Aliingia akisema aliyepotea ni binti yake, wamsaidie kumtafuta, na akipatikana wasimgombeze. “Amechoka sana huyo, hasemi tu.”

Shemeji yako alicheka mpaka machozi, kwa jinsi moyo ulivyomrudi. Mimi nilikaa chini pale pale penye vipande vya utepe.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Mkono haukuchomoka, dada. Mama aliuvuta kidogo, kama anavyouvuta kila siku, nami nikauachia. Nikamwona akienda. Niliona kilemba chake cheupe kikiwapita wanaume wawili, kikampita mama mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa hatua tano tu, ningemwita angesikia. Sikumwita. Mabega yakawa mepesi, kama mtu aliyetua ndoo. Nikainua uso nikazitazama taa zikiwaka, na zilikuwa nzuri, dada, sijapata kuona kitu kizuri vile. Sijui nilisimama kwa muda gani. Halafu nikageuka, kilemba hakionekani, ndipo nikaanza kumwita.

Utasema ni uchovu. Hata mimi najiambia hivyo. Lakini siku hizi nikimshika mkono kuvuka barabara, siogopi yeye kuniponyoka. Najiogopa mimi.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana kila ukipiga simu unaniambia nivumilie, mama ni mmoja. Kweli ni mmoja, ila sisi aliotuzaa tuko wawili. Njoo umchukue, hata miezi mitatu. Kama huwezi, niambie huwezi, nijue moja. Ila neno la kuvumilia usinipe tena, sina pa kuliweka.

Shemeji yako na wanao wanakusalimu. Mama naye. Asubuhi aliniona natafuta karatasi akauliza namwandikia nani. Nilipokutaja akasema nikuulize kama umeshakula.

Ni mimi, mdogo wako.