Filamu Aliyonifasiria Ghanim

Khuwair ya Kusini, Maskati
15 Oktoba 1994

Dada yangu Khole,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Vileja ulivyompa Nouf aniletee vimefika vizima, tumevila kwa chai, na joto limeanza kupungua.

Jana baada ya chakula cha mchana mume wangu Ghanim alileta kanda ya video, filamu ya Kitaliana ya kuchekesha. Haina maandishi ya Kiarabu, basi yeye akawa ananifasiria, maana Kitaliana alikiokota kwa mabaharia bandarini.

Kuna bwana anagombea udiwani, na mkewe anataka kumkimbia. Wakubwa wa chama na wakubwa wa majambazi wanamwendea pamoja, wanamwambia kura hapati mpaka asafishe jina lake. Bwana anashika bastola, inamponyoka, inaingia kwenye supu. Nilicheka mpaka machozi.

Kisha mkewe akakaa dirishani, akawa anasema. Ghanim akafasiri taratibu: "Dada, nikifika kwako sirudi tena kwa mwanamme huyu. Nitamwambia nnakuja kukuuguza."

Mdomo wa yule mwanamke ulikuwa umeshafumba, na Ghanim bado anasema. Hakunitazama. Alizima video, akanimiminia kahawa.

Maneno hayo, Khole, niliyaandika mimi, kwenye barua niliyokuletea mwezi uliopita. Barua zangu zote huzipeleka posta yeye.

Na hii ataipeleka yeye. Ghanim, ukishaisoma, ifunge vizuri kama ulivyozifunga nyengine. Kisha uje unambie, yule bwana alimfanya nini mkewe.

Ndugu yako,
Zuwena