Mkono Niliomnyima Baba Yake Rebeka

Deus, nimemnyima mkono baba yake Rebeka. Wiki moja kabla ya posa!

Nilikuwa Tinde kwa mjomba, natanua picha iliyosinyaa kwenye kioo cha mashine yake ya gemu ya zamani. Kazi hiyo hufanywa mashine ikiwaka: bisibisi ya plastiki, mkono mmoja ndani, mwingine mfukoni, umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Mzee akaingia, akaninyooshea mkono. Nikapiga kelele: "Usiniguse!"

Usiniguse, Deus. Hata shikamoo sikutoa.

Nikazima, nikamwamkia, nikamweleza yote. Akasikiliza, akauliza: "Na barua ya posa utaileta kwa mkono mmoja?"

Mjomba alicheka. Mzee hakucheka.

Nimechoka. Lakini angeingia tena sasa hivi, ningemnyima tena.