Ukuta wa Masanja

Jumatatu, 8 Septemba

Nimemaliza kukandika upande wa jikoni. Mgongo unauma. Udongo wa mwaka huu una mchanga mwingi, unameguka. Kesho kutwa naongeza mavi ya ng'ombe, nakandika mbele, kisha nasiliba kwa udongo mweupe. Lazima ung'ae. Kijiji kizima cha Itiryo kinaujua ukuta wangu mimi Gati, na sijifichi, napenda wausifie.

Mume wangu Mwita amelala tena nje, chini ya upenu wa ghala. Wiki ya tano. Tangu walipomfukua kule machimboni, haingii ndani. Anafika mlangoni, anashika mwimo, jasho linamtoka, anarudi. Walikaa siku mbili chini ya kifusi, yeye na mwenzake Masanja. Yeye walimtoa hai. Masanja walimtoa amekufa, ndugu zake wakamsafirisha kwao Shinyanga wakati Mwita bado yuko wodini. Hakumzika rafiki yake. Na jina lake hajalitaja mpaka leo. Anasema ndiyo, hapana, basi.

Mvua zinakaribia. Upenu ule hautamsitiri. Namtaka mume wangu ndani ya nyumba. Sina ombi lingine.

Jumanne, 9 Septemba

Kliniki, Tarime mjini. Daktari ni binti mdogo, mpole. Kasema asiyeweza kusema anaweza kuchora, kuimba, kufinyanga, chochote, ili kilichomo moyoni kipate pa kutokea. Akampa daftari na penseli za rangi. Mwita akashukuru vizuri kabisa. Tumefika nyumbani, kampa mtoto wa kaka yake. Penseli sita! Nimekasirika mpaka nimekosa hamu ya chai.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilikwenda kisimani, nikaacha ukuta wa mbele bado mbichi na ndoo ya udongo mweupe pembeni. Narudi, naona mistari. Nikajua ni mbuzi. Nimefungua mdomo nitukane, ndipo nikaona vidole vya Mwita. Vyeupe, na mkono mzima mpaka kwenye kiwiko.

Kwetu mwanamume hagusi ndoo ya kusiliba. Yeye anasimika nguzo, anaezeka. Ukuta ni wa mwanamke. Mwita anajua hivyo kuliko mimi.

 Nikaingia jikoni kusonga ugali.

Ijumaa, 12 Septemba

Anaendelea. Kachora shimo refu, magogo ya kuegemezea, ngazi. Chini kabisa watu wawili wamekaa, magoti yamegusana. Mmoja ana kofia pana. Masanja alikuwa na kofia ile.

Jioni Mwita kamaliza sahani nzima ya ugali. Nililia jikoni. Nikasingizia moshi.

Jumapili, 14 Septemba

Mama mkwe kapita kutoka kanisani. Nimempa shikamoo, kaitikia huku macho yako ukutani.  Halafu kauliza Masanja gani huyu mwembamba hivi, wakati aliyekula kwake Krismasi alikuwa na tumbo. Mwita akachovya kidole, akamwongezea tumbo. Mama mkwe akasema sasa ndiyo yeye.

Mwita alitabasamu. Nimeyaona meno ya mume wangu. Naandika nisije nikasahau.

Jumatatu, 15 Septemba

Shemeji Chacha, kaka yake Mwita, kaja. Hakusalimia hata. "Mura, mwanamume wewe, umekuwa mwanamke?" Mwita akaangalia chini, akaenda kwa ng'ombe.

Chacha akanigeukia mimi. Jumamosi wanakuja wageni wa posa ya binti yake, na njia ya kwake inapita mbele ya mlango wangu. Wakisikia mwanamume wa boma hili anasiliba kuta, watasema ukoo una wazimu, na binti atabaki nyumbani. Kasema, "Shemeji, futa."

Nimemchukia. Lakini binti yake nampenda, nimemlea.

Jumatano, 17 Septemba

Kisimani wanawake wananingoja na maneno yao. Gati kapata mke mwenza, tena mwenye ndevu! Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika.

Na mimi nilicheka. Najichukia kwa kicheko kile.

Ijumaa, 19 Septemba

Mwita alipokwenda kuchunga, nimesiliba juu ya yote. Nusu saa tu. Nilianza na ngazi, nikamalizia na ile kofia. Ukuta mweupe pee, haujawahi kupendeza vile.

Karudi jioni. Kasimama na fimbo yake. Nikaanza kueleza mambo ya wageni, mambo ya binti. Hakunisikiliza. Kasema kwa sauti nisiyoijua, "Umemfukia tena."

Akaenda upenuni. Hakula.

Jumamosi, 20 Septemba

Wageni wamekuja. Wamekubaliana. Mzee mmoja kausifia ukuta wangu, kauliza ni mkono wa nani. Nikaingia jikoni, nikafunga mlango.

Jumapili, 21 Septemba

Sasa hasemi hata ndiyo. Nimejaribu kukwangua rangi ya juu kwa kijiko, taratibu, nione kama Masanja yuko chini. Imetoka yote pamoja, mpaka fito zinaonekana. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mimi ni mjinga. Daktari alisema kipate pa kutokea, na kilipotokea nikakiziba. Kwa ajili ya midomo ya watu.

Jumanne, 23 Septemba

Mvua ya kwanza. Mwita kaloa chapachapa, kakataa kuingia. Nilishika mkono wake, nikavuta, nikahisi moyo wake unavyodunda mpaka kwenye kiganja. Nikamwachia. Nikamletea turubai.

Ukuta wa mbele umechuruzika. Hata ningemwacha Masanja, mvua ingemfuta. Hilo halinisafishi. Ila limenipa wazo.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimetoa kitanda chumbani. Nimetoa kila kitu. Nimekandika ukuta wa ndani, ulio mkabala na kidirisha, laini kuliko nilivyowahi kukandika. Nimechanganya udongo mweupe, nimeweka ndoo chini yake.

Kisha nimemfuata upenuni. Nimemwita Baba Bhoke, kwa jina la binti yetu aliyeolewa mbali, kama ninavyomwita likiwepo jambo zito. Nimemwambia nimekosa. Nilimfukia mtu aliyekula nyumbani kwetu. Nimemwambia huku nje mvua itamfuta, ukuta wa ndani haunyeshewi, na ule ni wake, hakuna mtu atakayeugusa. Sio mimi, sio Chacha.

 Aliniangalia machoni.

Chacha kapita, kaona kitanda uani, kauliza kulikoni. Nimemjibu akitaka kumcheka mtu anicheke mimi, niko tayari, na sauti ninayo. Kaondoka.

Jumapili, 28 Septemba

Nanyunyizia ukuta maji asubuhi na jioni, usikauke. Mwita kafika mlangoni mara tatu. Mara ya tatu aliingiza mguu mmoja. Nilijifanya napepeta ulezi. Ulezi wenyewe niliumwaga nusu.

Jumanne, 30 Septemba

Kaingia! Kapiga mstari mmoja, mfupi, kule kwenye kona. Katoka mbio, kaenda kushika mti, anahema. Nimekwenda kusimama karibu yake tu. Nilikuwa naogopa kuliko yeye.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua tangu asubuhi. Hatukwenda shamba.

Mwita kasimama, kakung'uta turubai, kaingia ndani.  Nikasimama mlangoni, nikauegemea mlango kwa mgongo usije ukajifunga. Mvua inanipiga bega.

Safari hii hakuchora shimo. Kachora mtu mmoja, mnene, kofia pana, mdomo wazi. Nilidhani anapiga kelele. Mwita akasema hapana, anaimba. Masanja alikuwa anaimba vibaya sana, akasema. Kule chini aliimba ili yeye Mwita asilale. Alikuwa amebanwa miguu na anaimba. Siku ya pili akanyamaza katikati ya wimbo, na Mwita akamgombeza aendelee. Akamgombeza muda mrefu, hajui kwamba anamgombeza maiti.

Yote haya aliyasema akiwa amenipa mgongo, kidole kiko ukutani, anazungushia kofia. Alilia. Nilitaka kumfuata nikaogopa kuuachia mlango.

Baadaye kanawa mikono kwa maji ya mvua. Kaniangalia nilivyoloa, kaniambia nirudishe mlango, mvua inaingia. Hewa ya kidirisha inatosha.

Nimerudisha. Tukakaa chini kwa kuwa kitanda nilichokihamishia kwa mama mkwe kisinyeshewe bado kiko huko. Kaniegemea, na baada ya muda pumzi yake ikawa ya mtu aliyelala.