Mshale wa Mashine Juu ya Kisima

Birongo,
S.L.P. 83,
Kisii.
17 Februari 1974

Mpendwa kaka Abner,

Pokea salamu nyingi za kwetu. Je, baridi ya Uingereza imelegea? Na kifua cha wifi yangu Gesare? Sisi ni wazima, ila roho yangu iko juu juu. Uniwie radhi kwa mwandiko, maana naandikia magotini, nimeketi juu ya mbao za mdomo wa kisima.

Kisima ni cha kanisa. Maji yaliwazidi wachimbaji, basi asubuhi wakateremsha pampu ya petroli humo humo ndani, ikanguruma hadi mchana. Baba mkwe, Mzee Omwenga, ndiye mchimbaji mkuu. Alishusha taa, ikawaka vizuri, akaanza kujifunga kamba.

Nikakumbuka ulivyonieleza Desemba uliponiachia mashine yako. Moshi wa petroli una gesi isiyozima taa wala kunuka, lakini inaua. Mashine hupitisha mwanga usioonekana katika hewa, ikapima gesi imemeza kiasi gani. Nikavuta hewa ya kisimani kwa mpira. Mshale ukaruka.

Kumbe aibu ilikuwa njiani. Nilipopima hewa ya uwanjani, mshale ukapanda vilevile! Ulituonya kwamba vioo vyake ni vya chumvi, visiguswe na maji. Mama mkwe, kwa wema wake, alivipangusa kwa samli. Sasa mafuta nayo yanameza mwanga, na watu wamecheka hadi machozi.

“Ambia huyo mwalimu atoke hapo,” mzee alimwambia mkewe. “Hiyo mashine yake inaogopa hata hewa ya kanisa.”

Sikutoka. Kwa chinsoni, mwiko wetu wa heshima, baba mkwe hawezi kunigusa wala kunisukuma apite, naye anajua nimeketi hapa kwa sababu hiyo. Amekasirika, hata kunitazama hataki. Lakini mume wangu Nehemiah akirudi kutoka kiwandani Itumbe, yeye anaweza kuninyanyua. Naogopa, Abner. Nimewasihi wangoje hadi kesho, hewa itoke.

Kisimani mshale ulipanda zaidi, au ni hofu yangu tu? Siwezi kuapa. Niandikie vioo hivyo husafishwa kwa kitu gani, ingawa jibu litanikuta mambo yamekwisha.

Msalimie sana Gesare na mtoto. Mungu awalinde huko ugenini.

Kaka, nikiwa nimekosea, nimemwaibisha mzee wa watu bure mbele ya kanisa zima. Nikiwa sikukosea, hakuna atakayejua. Kesho ataamka tu, anywe uji wake, aendelee kuninunia.

Wako akupendaye,
dada yako Loice