Tatu kwa Kila Mia

Jumatatu, 3 Machi
Busia. Asubuhi nimempelekea mwenye duka la vipuri mashine ya kadi, nikamfundisha kuitumia na kungoja risiti. Aliuliza kama ni bure. Nikasema mashine ni bure. Ndivyo tulivyofundishwa kujibu. Makato yako ukurasa wa tatu wa mkataba, maandishi kama sisimizi. Sijaona mtu akifika huko.

Mchana kikao cha benki yetu. Meneja ana furaha: mapato yetu ya makato ya wafanyabiashara yameipita riba ya kadi. Mteja akilipa kwa kadi, mwenye biashara anakatwa shilingi tatu kwa kila mia. Sehemu inakwenda kwa benki iliyotoa kadi, sehemu kwa mtandao wa kadi, nyingine inabaki kwetu. Tukapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Alhamisi, 6 Machi
Simu kutoka Tororo. Mama Awor, mwenye nyumba ya wageni. Mashine yake nilimpa mimi. Wahandisi wa kiwanda cha Osukuru wanamlipa kwa kadi. Risiti zinasema hivi, akaunti inaonyesha pungufu. "Ajiambo mwanangu, hii mashine inaweza kukosea?"

Nikasema mashine haikosei. Kweli tupu. Nikaaga upesi.

Jumanne, 11 Machi
Nimepita Tororo. Kaunta ina mtu mgeni. Mama Awor amemfukuza Athieno, karani wake wa miaka sita. Anaamini alikuwa akibonyeza mashine na kujirudishia hela kidogo kidogo. Juzi Jumapili, kanisani kwao Petta, Athieno alisimamishwa mbele ya waumini, akaapa kwa Biblia. Hawakumwamini.

Mama Awor alisimulia huku analia. Akanipa soda. Nikainywa yote, nikaondoka. Mimi ni mwoga.

Jumatano, 12 Machi
Nikisema, mashine itarudishwa na meneja atataka kujua kwa nini. Mkataba wangu wa kazi unaisha mwezi huu. Nisiposema, mtoto wa watu ni mwizi Petta nzima.

Nimepanga maneno mara kumi. Yote yananitoa mimi kwenye lawama. Upuuzi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimesema. Nilimfungulia Mama Awor ukurasa wa tatu. Akavaa miwani, akasoma, akarudia. Tukatoa makato kwenye kila risiti. Hakuna hata shilingi iliyopotea. Hakunitukana. Heri angenitukana. Alichomoa mashine ukutani, akaniwekea mapajani, kisha akampigia Athieno.

Athieno hakutaka kusikia habari za kurudi kazini. Alitaka jambo moja tu: aliyekuwa akijua aje aseme palepale alipoapia yeye.

Jumapili, 16 Machi
Petta. Nilisimama baada ya matangazo. Nikaeleza makato kwa watu ambao wengi wao hawajashika kadi maishani. Sauti ilikuwa nyembamba. Athieno alikaa benchi la mbele, anatazama sakafu.

Nje, mama yake alinifuata akijikongoja. "Wewe, hiyo mashine ya Mama Awor, benki ilikupa ngapi?"

Nikamwambia: kamisheni ya shilingi elfu tano, bei ya soda tatu.

Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Dhopadhola, lugha ya kwao. Nikasikia kiasi kile kikipita mdomo kwa mdomo uani. Hakuna aliyecheka. Kikamfikia Athieno, pale mlangoni.

Ndipo akaniangalia.